Damu Katika Mswaki Wangu



Nawaandikia leo habari ya kinywa changu, jambo ambalo kwa muda mrefu naliona haya kulitaja hata kwa mke wangu. Mtu mzima huweza kusimulia habari za homa yake, na za mgongo wake, na za kuvunjika mguu, na watu wakampa pole. Lakini ni nani awezaye kusimama mbele ya wenziwe akasema, "Fizi zangu zatoka damu, na kinywa changu chanuka"? Mtu hunyamaza. Nami nalinyamaza miaka mingi, na kunyamaza kwangu kulinigharimu meno 3, na amani ya nyumba yangu kwa muda usio mfupi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi leo nayafichua, ili mwenzangu aliye katika hali kama yangu asichelewe kama nilivyochelewa mimi.

Kwanza yanipasa niwaambie habari za marehemu baba. Baba alikuwa mkulima hodari, mtu wa nguvu. Alipopata umri wa miaka 50 hivi meno yake yalianza kulegea, moja baada ya moja. Hayakuoza, wala hayakumwuma. Yalionekana marefu kuliko kwanza, yakacheza katika taya kama vigingi katika ardhi iliyolowa mvua, kisha yakang'oka yenyewe. Sisi watoto hatukushtuka. Tukasema, "Mzee ameanza kuzeeka." Mama akawa humpondea viazi na kumpikia uji, na maisha yakaendelea.

Miaka ile ile baba alikuwa na kiu isiyokwisha. Aliweka mtungi mdogo karibu na kitanda chake, na usiku aliamka mara nne au tano kwenda nje. Hilo nalo hatukulitia maanani. Mwisho akakanyaga mwiba shambani, na kidonda kile kikakataa kupona. Tulipomfikisha hospitali, damu yake ikapimwa, tukaambiwa kwamba ana kisukari, tena cha siku nyingi. Mguu ukakatwa, naye hakumaliza mwaka baada ya hapo. Katika matanga watu walisema ni mwiba uliomwua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba yale meno, na ile kiu, na kile kidonda, vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mimi sasa nina umri wa miaka 46. Kisukari changu kiligunduliwa nilipokuwa na miaka 39, nacho ni kile kiitwacho cha aina ya 2. Katika kisukari cha namna hii, kiungo kiitwacho kongosho hutengeneza bado ile dawa ya mwili iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango itoke katika damu iingie katika nyama za mwili. Lakini mwili umekuwa mgumu wa kuisikia. Insulini yabisha hodi, na mlango haufunguki upesi. Basi sukari hubaki katika damu, ikaharibu polepole mishipa, macho, figo na miguu.

Nalipewa vidonge, nikaelezwa chakula kinachonifaa. Mwaka wa kwanza, nakiri, nalikuwa mwizi. Mke wangu alipokwenda kisimani nalijitilia vijiko 3 vya sukari katika chai, nikainywa kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Lakini rafiki yangu mmoja mwenye ugonjwa kama wangu alipopoteza macho yake, hofu ikanishika, nikaacha kabisa. Tangu siku ile nalikunywa chai isiyo na sukari, nikameza dawa zangu, nikatembea kwa miguu kwenda shuleni na kurudi.

Hata hivyo kipimo changu hakikushuka. Kuna kipimo kimoja ambacho hakidanganywi na mtu aliyefunga kula siku moja tu kabla ya kwenda kliniki. Hupima ile sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu. Na kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, kipimo hicho chaonyesha mwendo wa sukari ya mtu kwa muda wa miezi 2 au 3 iliyopita. Wengi wetu huambiwa tukiweke karibu na asilimia 7. Changu kilikuwa 9 na zaidi, mwaka baada ya mwaka. Pale kliniki naliambiwa, "Mwalimu, wewe wafundisha watoto kusema kweli, lakini sisi hutuambii kweli." Naliapa, wala hawakuniamini.

Jambo la nyumbani liliniuma zaidi. Siku moja nalifungua kopo la sukari ili kumtilia mgeni. Nikaona kwamba sukari ile imesawazishwa vizuri kwa mgongo wa kijiko, na juu yake pamechorwa alama kwa kidole. Nalitambua mara moja maana yake. Mke wangu alikuwa ameweka alama ili ajue kama mkono wangu umepita pale.

Mgeni alipoondoka nalimwuliza, "Mama watoto, alama hii ni ya nini?"

Akanitazama, akasema, "Baba watoto, nalimwona baba yako akikatwa mguu. Sitaki kuona tena. Kama hunywi sukari hapa, wainywa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwongo wa jana, akisema kweli leo, hana shahidi.

Na wakati wote huo shahidi alikuwapo kinywani mwangu, nami simsikii. Kila asubuhi nilipopiga mswaki, povu lilitoka jekundu. Nalidhani mswaki ni mgumu mno. Kisha nikafanya kosa ambalo nimejua baadaye kwamba hufanywa na watu wengi: kwa kuogopa damu, nikaacha kupasugua mahali palipotoka damu. Yaani palipokuwa na haja kubwa ya kusafishwa ndipo nilipopaacha. Kinywa kikazidi kunuka. Siku moja nalimwinamia mwanafunzi wa darasa la tatu nimsahihishie hesabu zake, naye mtoto yule akageuza uso, akaziba pua kwa kiganja, kisha akaona haya akashusha mkono. Hakusema neno. Tangu siku ile nalikuwa nikisahihisha madaftari mezani pangu, watoto wakiwa mbali.

Jino la kwanza lilitoka nilipokuwa nikila muhindi wa kuchoma. La pili lilifuata baada ya miezi michache. La tatu lilipoanza kucheza, nalijiona nimevaa uso wa baba yangu. Ndipo nikauza mbuzi mmoja, nikapanda basi kwenda mjini kumtafuta daktari wa meno.

Daktari mwenyewe alikuwa binti mwenye umri wa kuwa mwanangu wa kwanza. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akatazama kinywani kitambo kidogo tu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Je, baba, una kisukari?"

Nikastaajabu, maana sikuwa nimemwambia. Nikamwuliza, "Umekionaje kisukari katika meno?"

Akasema, "Sikukiona, nimekihofia tu. Watu wenye kisukari hupata ugonjwa wa fizi mara 2 au 3 kuliko wenzao, hasa kama sukari yao haijatulia."

Nikakumbuka kwamba kwa miaka 6 ya kwenda kliniki macho yangu yalitazamwa, na miguu, na mkojo, lakini hakuna aliyeniambia, "Fungua kinywa." Wala mimi sikuwahi kusema.

Akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, jino kwa jino. Akanieleza kwamba ufizi mzima huwa na nafasi ndogo pale, isiyozidi milimita 3. Mahali pengi pangu palikuwa na 6, na pengine 7. "Hii ni mifuko," akasema. "Vijidudu vimechimba chini, na mfupa unaoshika jino umekwisha kuliwa kiasi. Ndiyo sababu meno yanacheza."

Nalimwomba anifafanulie kwa mapana, nami nikaandika katika daftari langu kama mwanafunzi. Hayo aliyoniambia, na mengine niliyosoma baadaye, ndiyo ninayowapa ninyi.

Juu ya meno hujengeka kila siku utando laini wa vijidudu. Usiposafishwa, huwa mgumu kama chokaa, nao ndio ukoga. Mahali hapo ufizi hukasirika: huwa mwekundu, huvimba, hutoka damu upesi. Hali hii ya mwili kuwaka na kuvimba unapopigana na adui, mimi nitaiita mwako. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, nchi ya Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Katika siku 10 hadi 21 wote walipata mwako wa fizi. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Hapo twajifunza kwamba mwanzo wa ugonjwa huu ni uchafu wa kila siku, na kwamba mwanzoni hurudi nyuma kabisa. Lakini ukiachwa ukashuka hata kuula mfupa, mfupa ule haurudi kwa kupiga mswaki. Huweza kuzuiwa usiendelee, nalo ni jambo kubwa.

Sasa kisukari chaingiaje? Chaingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza watoka mwilini kuja kinywani. Damu yenye sukari nyingi hudhoofisha zile chembe nyeupe zilizo askari wa mwili, hukausha mate, huharibu mishipa midogo ya fizi, na kuchelewesha vidonda kupona. Kwa hiyo utando ule ule ambao kwa mtu mwingine ungeleta wekundu kidogo, kwa mwenye kisukari huweza kung'oa jino. Bwana Löe yule yule aliandika mwaka 1993 kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa dhara la sita la kisukari, baada ya madhara ya macho, figo, mishipa ya fahamu, na mishipa mikubwa ya damu, na kuchelewa kupona kwa vidonda.

Mlango wa pili ndio uliokuwa mgeni kwangu. Watoka kinywani kwenda mwilini. Ile mifuko iliyozunguka meno ndani yake ni vidonda. Vikusanywe pamoja na kutandazwa, vingefanya kidonda kimoja cha upana wa vidole viwili au vitatu. Mtu angekuwa na kidonda kama hicho mguuni, chenye usaha, miaka saba, je, asingekwenda hospitali? Kutoka katika kidonda hicho vijidudu na sumu zao hupenya katika damu kila mtu anapotafuna. Mwili hupeleka ujumbe wa vita kila mahali, na ini likiupokea ujumbe huo hutengeneza protini za kupigania ugonjwa. Basi mwako haubaki tena ufizini, huenea mwilini kama moshi wa jiko moja ujaavyo nyumba nzima. Na ujumbe huo wa vita ndio unaoufanya mwili uzidi kuwa mgumu wa kuisikia insulini. Hivyo sukari hupanda. Na sukari ikipanda, fizi huharibika zaidi. Na fizi zikiharibika, sukari hupanda tena. Ni ng'ombe wa kinu cha mafuta, anayezunguka pasipo kufika.

Huko Arizona, Marekani, watu wa kabila la Pima wana kisukari kwa wingi sana, na waganga wamewachunguza miaka mingi. Habari iliyotolewa mwaka 2005 ilihusu 628 kati yao, wenye kisukari cha aina ya 2 na umri wa miaka 35 au zaidi. Wale wenye fizi zilizoharibika sana walikufa kwa ugonjwa wa moyo au wa figo mara 3.2 kuliko wenye fizi nzuri, au zilizoharibika kidogo, au kwa kiasi tu. Kuandamana kwa mambo mawili si hoja ya kutosha kwamba la kwanza limezaa la pili. Lakini nilipolisoma jambo lile nalimkumbuka baba, nikafunga daftari kwa muda.

Je, mtu akitibiwa fizi, sukari hushuka? Hapa yafaa tuseme kweli, tusitangaze dawa kama wachuuzi wa sokoni. Mwaka 2013 ilitolewa habari ya watu 514 huko Marekani. Wengine walisafishwa fizi, wengine wakangojea, na baada ya miezi 6 sukari haikupungua kwa upande wowote. Wengi walikata tamaa. Lakini wengine wakasema kwamba fizi za watu wale, hata baada ya kutibiwa, zilikuwa bado zikitoka damu mahali pengi, yaani moto haukuzimwa sawasawa.

Kisha mwaka 2018 ikatoka habari nyingine kutoka London. Watu 264 wenye kisukari cha aina ya 2 na fizi mbovu waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisafishwa juu juu tu. Kundi la pili lilisafishwa mpaka chini ya ufizi, na waliohitaji wakapasuliwa, na kazi ile ikarudiwa kila miezi 3 kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka, kile kipimo cha sukari cha kundi la pili kilikuwa chini ya wenzao kwa asilimia 0.6. Mishipa yao ya damu na figo zao zilifanya kazi vizuri zaidi, na dalili za mwako katika damu zilipungua. Mwaka 2022 wataalamu walikusanya uchunguzi 35 wa namna hii, wenye watu zaidi ya 3,200, wakaona kwamba matibabu ya fizi hupunguza kipimo kile kwa asilimia 0.43 baada ya miezi 3 au 4, na asilimia 0.30 baada ya miezi 6. Ni kidogo, lakini si bure. Madaktari husema kupungua kwa nusu asilimia hukaribia faida ya kumwongezea mgonjwa dawa ya pili.

Nimeona pia niwaonye juu ya kosa la zamani. Mwaka 1910 mganga Mwingereza aitwaye William Hunter alihutubu huko Montreal, Kanada, akasema kwamba uchafu wa kinywani ndio chanzo cha magonjwa mengi. Neno lake lilikuwa na kweli ndani yake, lakini watu walilivuta kupita kiasi. Kwa miaka mingi iliyofuata, huko Marekani na Uingereza wagonjwa wengi waling'olewa meno mazima kwa tumaini la kuponywa viungo, tumbo, hata wazimu, wala hawakupona. Basi asitokee mtu akang'oa meno yake yote kwa kusoma maneno yangu. Shabaha ni kuyaokoa meno.

Sasa narudi kwenye habari yangu. Daktari alinisafisha kwa siku 4, kila siku robo ya kinywa. Alinichoma sindano ya ganzi, akakwangua ukoga uliofichika chini ya ufizi. Sikusikia maumivu makubwa, ila sauti ya chuma juu ya jino, ambayo haipendezi. Alikuwa amenionya kwamba usiku wa kwanza naweza kusikia homa kidogo, na ndivyo ilivyokuwa: nalitetemeka, na kesho yake sukari ilikuwa juu kidogo. Nikadhani nimeharibikiwa. Lakini akanieleza kwamba huko London, katika habari iliyotolewa mwaka 2007 ya watu 120 wenye fizi mbovu, saa 24 baada ya kusafishwa sana, mwako ulizidi na mishipa ya damu ikawa migumu. Bali baada ya siku 60 na siku 180 mishipa yao ilikuwa imelegea vizuri kuliko ya wale wengine. Afukuzaye nyuki mzingani huumwa kwanza.

Jino la tatu halikuokoka. Mengine yalibaki. Daktari akanifundisha upya kupiga mswaki, mimi mtu wa miaka 45 wakati ule, mwalimu wa watu. Aliuelekeza mswaki kwenye mstari ambapo jino hukutana na ufizi, akausogeza kidogo kidogo. Akanipa viburashi vidogo vya kupitisha kati ya meno. "Baba," akasema, "mimi nimefanya kazi ya siku 4. Yako ni ya siku 361 zilizobaki." Wiki ya kwanza damu ilizidi kutoka, nami sikuacha. Wiki ya tatu povu likawa jeupe. Nalisimama pale nje karibu na ndoo, nikalitazama lile povu, kisha nikamwita mke wangu aje alione. Alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Miezi 4 baadaye nalipimwa. Kipimo kilichokuwa 9.2 kilikuwa 8.4. Hakikufika 7, wala sitasema kwamba fizi pekee ndizo zilizokishusha. Maana nilipoweza kutafuna tena, nalirudi kula maharage, njugu, na mboga za majani, badala ya uji na mkate laini niliokuwa nikiponea. Hata daktari wangu alisema hawezi kugawanya, hii ni ya mswaki na hii ni ya maharage. Baadaye kliniki waliniongeza dawa, nikashuka zaidi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kwamba namba ile ilishuka, nami nalikuwa nimesema kweli.

Nalirudi nyumbani na kile cheti, nikakiweka mezani. Mke wangu alikisoma mara mbili. Hakusema neno juu ya sukari, wala mimi sikumwuliza. Jioni nalifungua kopo, nikaona imekorogwa kwa kijiko kama sukari ya nyumba yoyote, haina alama.

Basi, wasomaji wapenzi, haya machache nawaachia.

Damu katika mswaki si jambo la kawaida, wala si ugumu wa mswaki, wala si uzee. Ufizi mzima hautoki damu kwa kusuguliwa. Ukiiona damu, usipaache mahali pale. Pasafishe kwa upole, kisha nenda ukatazamwe. Wala usingoje maumivu, kwa kuwa ugonjwa huu hula mfupa kimya kimya.

Safisha meno mara 2 kila siku, muda wa dakika 2 kila mara, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Mwenye kutumia mswaki wa mti asiudharau, mradi autafune ulainike, na aufikishe mpaka nyuma ya meno. Mkaa na mchanga hukwaruza meno, viacheni. Maji ya chumvi hutuliza ufizi, lakini hayaondoi ukoga. Na tumbaku huharibu fizi na kisukari pamoja, tena huficha damu, hata mtu akajiona mzima.

Mwenye kisukari amwambie daktari wa meno habari hiyo kabla hajakaa kitini. Asiende na njaa baada ya kutumia dawa zake, sukari isije ikashuka ghafula. Arudi kusafishwa kadiri atakavyoambiwa, maana fizi husahau upesi wema uliotendewa. Wala asipunguze dawa za kisukari kwa kuwa ametibiwa fizi. Na mwenye fizi mbovu asiyejua kama ana kisukari, naye apimwe damu. Kama mtu mmoja tu angemwambia baba hivyo alipopoteza jino la kwanza, pengine tungeujua ugonjwa wake kabla ya ule mwiba.

Walimu wenzangu, tukiona mtoto amegeuza uso, tusimkasirikie. Huenda amesema kweli ambayo watu wazima wameogopa kutuambia.

Nina wana 4. Mwezi uliopita nalimpeleka yule mkubwa, mwenye miaka 22, akatazamwe fizi na kupimwa damu. Alilalamika njiani kote kwamba haumwi na kitu. Nikamjibu, "Babu yako naye hakuumwa na kitu."

Ni mimi ndugu yenu, mwalimu.